Jina la Feruzi lilivyofika Bagamoyo

Katika nyumba moja ya mtaa wa Dunda, mjini Bagamoyo, mtoto wa kiume alikaa siku sita bila ya kuitwa jina. Wazazi wake hawakukosa la kumpa. Walikuwa nalo moja tu, Feruzi, jina la babu wa babu yake, na baba alikuwa amekwisha kuazimia kwamba mwanawe wa kwanza wa kiume atalirithi. Bibi mzaa baba alilifurahia, kwani kwa ufahamu wake Feruzi ni mtu aliyezaliwa siku ya Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili. Mjomba wa mtoto alilikataa waziwazi, akisema kwamba hilo ni jina la kitumwa na kwamba hataki mtoto wa dada yake aje kuulizwa nasaba siku ya kuposa. Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuja kupanga habari ya akika, yaani kumchinjia mtoto siku ya saba, aliuliza kwa upole kama wazee wanakumbuka jina la mtu aliyemuua Khalifa Umar. Binamu mmoja aliyekuwa ametafuta kwenye simu akasema kwamba maana ya Feruzi ni mshindi, na kwake yeye maneno yalikuwa yamekwisha.

Niliitwa kwenye mazungumzo hayo kwa kuwa mimi ni jirani na nilifundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Nilijibu kwa ufupi, na jibu langu halikutosha. Ninaliandika hapa kwa urefu linaostahili, kwa sababu jina hili moja limepita Uajemi, Uarabuni na pwani za Bahari ya Hindi kabla ya kufika Mrima, pwani yetu hii ya bara inayotazamana na Unguja, na kila lilipopita liliongezewa maana bila ya kuipoteza ile ya kwanza. Ndiyo maana watu watatu kati ya wale wanne walikuwa na haki, kila mmoja kwa kipande chake, na hata bibi aliyekosea alikosea kwa hoja nzuri.

Nianze na bibi. Watu wa pwani wamezoea kumwita mtoto kwa siku, mwezi au majira aliyozaliwa, na ushahidi wake umejaa katika kila mtaa: Juma na Mwajuma, Hamisi na Mwanahamisi, Rajabu, Shabani, Ramadhani, Idi, Chausiku aliyezaliwa usiku, Mwanamvua aliyezaliwa wakati wa mvua. Anayesikia Feruzi na Nairuzi yakiishia kwa sauti moja hana sababu ya kudhani kwamba hayahusiani. Tena yanahusiana kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba yote mawili ni maneno ya Kiajemi yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu. Lakini Nairuzi ni maneno mawili yaliyoungana, moja lenye maana ya "mpya" na jingine, ruz, lenye maana ya "siku". Ndiyo siku mpya ambayo Waajemi huiadhimisha mwezi Machi, na ambayo hesabu ya kale ya mabaharia wetu, isiyoongeza siku katika mwaka mrefu, imeisogeza hadi Julai, wakati watu wa Makunduchi kule Unguja wanapofanya Mwaka Kogwa. Katika Feruzi hamna "siku" ndani yake. Ni neno moja zima, piruz kwa matamshi ya Kiajemi, na maana yake ni mshindi, mtu aliyefanikiwa katika alilolikusudia.

Kwa hiyo binamu alisoma sawa. Jina hilo ni la kale kuliko Uislamu, na lilikuwa jina la kifalme: mfalme Peroz wa ukoo wa Wasasani alitawala Uajemi tangu mwaka 459 hadi 484. Herufi ya kwanza ndiyo iliyobadilika baadaye. Kiarabu hakina sauti ya P, na maneno mengi ya Kiajemi yaliyoanza kwa sauti hiyo yalipoingia katika Kiarabu yalichukua F mahali pake. Jimbo la Pars likawa Fars, ambako tumepata neno Kifarsi. Mnyama aliyeitwa pil akawa fil, na kila mtoto aliyesoma chuoni anamjua kwa Sura ya 105, Suratul Fil, sura ya tembo. Kwa njia hiyohiyo piruz akawa Fairuz.

Binamu alipokosea ni kudhani kwamba maana ya kwanza ya neno ndiyo sababu ya mtu fulani kupewa neno hilo. Haya ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakowapoteza wengi wanaotafuta asili ya majina. Maana ya neno hukaa katika lugha lilikotoka. Sababu ya jina hukaa kwa yule aliyelitoa, katika siku aliyolitoa, na mara nyingi yeye mwenyewe hakujua chochote kuhusu Kiajemi.

Kati ya mshindi wa Kiajemi na babu wa Bagamoyo kuna jiwe. Waajemi walilipatia jiwe moja la thamani, lenye rangi iliyo kati ya buluu ya mbingu na kijani cha bahari, jina linalotokana na neno hilohilo la ushindi, kwa kuamini kwamba anayelivaa hatashindwa. Jiwe hilo huchimbwa Nishapur, katika nchi ya Khorasan, tangu zamani sana, na machimbo yake ndiyo yaliyosifika kuliko yote katika ulimwengu wa Kiislamu. Watu walilivaa kwenye pete na kulining'iniza shingoni mwa watoto na farasi ili kuzuia kijicho. Kiarabu kililipokea jiwe pamoja na jina lake, na Kiswahili kikalipokea kutoka kwa Waarabu, na hadi leo kamusi zetu zinalieleza neno feruzi kuwa ni jiwe la thamani lenye rangi hiyo. Mswahili wa karne ya 19 aliposikia jina la Feruzi hakumfikiria mfalme wa Wasasani. Alifikiria kito, kama alivyofikiria kito aliposikia Almasi, Yakuti, Johari au Zumaridi, na kama alivyofikiria matumbawe mekundu ya thamani aliposikia Marijani.

Sura ya jina yenyewe inaonyesha njia lililopita, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu ushahidi wa sauti ni mdogo kwa kuonekana lakini ni mgumu kuukana. Sauti ya "ai" ya Kiarabu, inapoingia katika Kiswahili cha watu wa kawaida, hulainika ikawa "e". Khair imekuwa heri, shaikh amekuwa shehe, bait ya ushairi imekuwa beti, na Saif amekuwa Sefu. Kadhalika Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, basi huliongezea irabu, na irabu hiyo huchaguliwa na sauti iliyo kabla yake: baada ya sauti za midomo tunaweka "u", kama Rajabu, Yakubu na Salimu, na baada ya sauti za meno kama "s" na "z" tunaweka "i", kama Almasi na Azizi. Fairuz kwa kanuni hizo mbili hawezi kuwa kitu kingine ila Feruzi. Lau jina lingefika kwa njia ya Wahindi, ambao wengi wao hulitamka Firoz, tungetazamia kusikia Firozi. Irabu ile ya kwanza, "e", inatuambia kwamba jina lilitoka katika vinywa vya Waarabu, na kwamba wenyeji walilitamka muda mrefu hadi likawa la kwao.

Swali linalobaki ni nani hasa waliokuwa wakiitwa hivyo, na hapo ndipo ninapofika kwa mjomba. Wengi wa waliokuwapo walimwona mkali. Mimi niliona kwamba ndiye aliyekuwa amebeba sehemu nzito zaidi ya habari hii.

Katika nchi za Kiislamu, kwa karne nyingi kabla ya Bagamoyo kuwa mji, ilikuwa desturi kuwapa watumwa majina ya vitu vizuri: vito, manukato, na maneno ya bahati njema. Aliyetawala Misri kuanzia mwaka 946 hadi 968 alikuwa Mwafrika aliyenunuliwa utotoni, na jina lake lilikuwa Kafur, yaani kafuri. Jawhar, kwa maana ya johari, alikuwa na asili ya utumwa, naye ndiye aliyeanzisha mji wa Kairo mwaka 969. Yaqut, mwanajiografia mkubwa aliyefariki mwaka 1229, alinunuliwa akiwa mtoto. Malik Ambar, aliyezaliwa Ethiopia mwaka 1548, akauzwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, akafika India na kuwa mtawala hodari wa jeshi na nchi, anatajwa kwamba kwao aliitwa Chapu. Ambar, yaani ambari, ni jina alilovikwa njiani. Na katika Bengal, mwaka 1487, mtu mwenye asili ya Uhabeshi aliyepanda kutoka katika utumwa wa jumba la kifalme alikalia kiti cha usultani kwa jina la Saifuddin Firuz Shah. Huyo ni Feruzi wetu, kwa matamshi ya huko.

Ukiyatazama majina hayo kwa haraka utasema ni ya heshima, na kwa maana ya maneno kweli ni ya heshima. Lakini mtoto wa mwungwana, yaani mtu huru wa kuzaliwa, aliitwa kwa jina la babu yake, au la Mtume, au la siku yake ya kuzaliwa, na nyuma ya jina lake palikuwa na bin fulani bin fulani. Mtumwa alipewa jina lisilo na mtu nyuma yake. Jina la kito humlinganisha mtu na mali inayong'aa mkononi mwa mwenyewe. Jina la bahati, kama Faraji, Mabruki, Baraka au Faida, lilikuwa dua, lakini aliyeombewa mara nyingi alikuwa bwana, atakayelitamka jina hilo mara mia kwa siku kila anapomwita mtumishi wake. Jambo hili ni la kale kiasi kwamba limegusiwa katika hadithi za Mtume. Katika mapokezi ya Samura bin Jundub yaliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume alikataza watumwa wasipewe majina manne, Aflah, Rabah, Yasar na Nafi, ambayo yote yanazungumzia kufaulu, faida, wepesi na manufaa. Sababu iliyotajwa ni kwamba mtu atauliza kama fulani yupo, naye atajibiwa kwamba hayupo, ikawa kama kusema kwamba nyumbani hakuna faida wala wepesi.

Mrima wa karne ya 19 uliishi ndani ya desturi hiyo. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Unyamwezi na Ujiji, na pembe za ndovu zilifika hapa pamoja na wapagazi waliolipwa ujira, wengi wao Wanyamwezi, na pamoja na watu waliofungwa ambao hawakulipwa chochote. Waingereza walimlazimisha Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, lakini kufungwa kwa soko hakukuwafungua watu waliokuwa tayari mashambani, wala hakukuzuia wengine kuletwa kwa nchi kavu. Kanisa la Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofika hapa mwaka 1868, lilijenga kijiji cha waliokombolewa, na waliobatizwa humo walipewa majina mapya ya Kikristo, ikawa kwa wengine ni jina la tatu katika maisha ambayo hayajafika miaka kumi na mitano. Jina la kwanza, lile alilotamka mama, ndilo ambalo halikuandikwa na mtu yeyote.

Orodha ya wenyeji wa pwani walioongoza msafara wa msafiri wa Kizungu Stanley uliotoka Bagamoyo Machi 1871 inatosha kuonyesha mtindo wa majina ya wakati ule: Mabruki, Uledi, Ambari, Baruti, Faraji aliyekuwa mpishi, na mkuu wao Bombay. Uledi limetokana na neno la Kiarabu la mtoto mdogo wa kiume, ambalo ndilo bwana anavyoita kijana wa kumtuma. Baruti ni baruti ya bunduki. Bombay mwenyewe, Sidi Mubarak, alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India na bwana aliyemnunua, na bwana huyo alipofariki akarudi huru akiwa na jina la mji wa ugenini. Alikwisha kusafiri na Waingereza Burton na Speke tangu mwaka 1857, na watu waliomtegemea kwa kila hatua hawakumjua kwa jina ambalo wazazi wake walimwita.

Sheria nazo zilikwenda polepole. Wajerumani hawakuukomesha utumwa katika koloni lao. Walitoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja na kuruhusu mtu kujikomboa, kisha wakaamuru kwamba kila mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mtu aliyezaliwa wakati huo angekuwa na umri wa miaka mia moja na kidogo leo. Hii ndiyo sababu mjomba hazungumzii historia ya vitabuni. Anazungumzia swali ambalo yeye mwenyewe amelisikia likiulizwa kwa sauti ya chini katika mabaraza ya posa, ambapo mtu husifiwa kwa tabia na elimu yake, halafu mzee mmoja akauliza babu zake walikuwa akina nani.

Pamoja na hayo, jina peke yake halithibitishi hali ya mtu aliyelibeba, na mji huu una mfano mzuri kuliko wote. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande huu wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903 na ambaye alifundisha Kiswahili Berlin, alikuwa na jina ambalo kwa maana ya neno ni la mtumwa aliyekimbia. Hata hivyo baba yake aliitwa Mwinyi Bakari, na mwinyi ni cheo cha waungwana wa Mrima. Mtafiti atakayeisoma nasaba hiyo kwa kuangalia neno la kwanza tu atamweka Mtoro mahali ambapo hakuwahi kuwa. Majina yalivuka mipaka kwa njia nyingi: mtoto wa nyumba kubwa alipewa jina la mtumishi aliyempenda mama yake, au mzazi aliyefiwa na watoto alimpa aliyebaki jina la kudharaulika ili kifo kisimtamani, au mtumwa aliyeachwa huru alilishika jina lake lilelile, wajukuu wakalirithi wakiwa huru, na wao wakalipeleka kwa wakwe zao.

Mabruki, Baraka na Faraji ni majina ya kila siku leo, na hakuna anayeyauliza yametoka wapi. Yalienea mno hadi alama ya zamani ikafutika. Feruzi limebaki kuwa adimu, na kwa uadimu wake bado linasikika kama lilivyosikika miaka mia moja iliyopita. Ninaamini kwamba hilo ndilo lililomshtua mjomba.

Anayetaka kujua Feruzi wake ni wa njia ipi hana budi kuyaacha maneno na kuwauliza watu. Kwanza aulize majina ya ndugu wa huyo babu, kwa sababu mtu anayeitwa Feruzi katikati ya akina Abubakari, Athumani na Shehe ana habari tofauti na Feruzi aliyeishi pamoja na Almasi na Mabruki katika shamba moja. Kisha atazame nasaba inavyokwenda nyuma, na mahali inapokatika. Aulize pia juu ya lugha, juu ya nyimbo, juu ya chakula ambacho babu alikuwa akikiulizia na hakipatikani pwani. Mambo hayo hukaa kwa wanawake wa nyumba zaidi kuliko kwa wanaume, kwa kuwa wao ndio waliowauguza wazee.

Tulimwuliza bibi. Nasaba ya ukoo wa mumewe inakwenda hadi kwa Feruzi na kusimama hapo. Baada yake hakuna bin. Hakuwahi kumwona Feruzi, lakini alimhudumia mwanawe, ambaye ni baba mkwe wake, katika miaka yake ya mwisho. Mzee huyo alimweleza kwamba baba yake alifika Mrima akiwa mdogo, kwa miguu, pamoja na kaka ambaye hakufika. Alijua Kiyao na alikizungumza peke yake alipokuwa akichonga mipini ya majembe, na mgeni alipobisha hodi alinyamaza. Bibi alilisema hilo kwa namna ya mtu anayeeleza tabia ya mzee tu, hadi alipoona tumenyamaza sote. Mjomba aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshinda hoja yake, na nilimwona kwamba hakupenda ushindi huo.

Ilibaki hoja ya mwalimu, ambayo ni fupi kuliko nyingine ingawa ilisikika nzito. Ni kweli kwamba aliyemchoma Khalifa Umar kwa jambia mwaka 644 alikuwa Mwajemi aliyeitwa Firuz, maarufu kwa jina la Abu Lu'lu'a, na ni kweli kwamba alikuwa mtumwa, wa Mughira bin Shu'ba. Lakini kuna Firuz mwingine wa zama zilezile, Firuz ad-Dailami wa Yemen, aliyesilimu na kuhesabiwa miongoni mwa masahaba, na ambaye alishiriki katika kumwua al-Aswad al-Ansi, mtu aliyedai utume, mwaka 632. Jina lilikuwa la wote wawili kabla ya yeyote kati yao kutenda lolote. Kama jina lingeharamika kwa ubaya wa mtu mmoja, tungepaswa kuliacha la Abdurahmani, ambalo limetajwa katika hadithi kuwa ni miongoni mwa majina yanayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu, kwa sababu aliyemuua Imamu Ali mwaka 661 aliitwa Abdurrahman bin Muljam. Kinachoangaliwa katika dini ni maana. Mtume alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa tamko la Kiarabu lenye maana ya mwasi, akamwita Jamila.  Mwalimu, ambaye ni kijana msomi na hakuuliza kwa nia ya kukwaza, alikubali mara moja na akaongeza kwamba marijani na yakuti vimetajwa kwa sifa katika Suratur Rahman. Kito cha feruzi hakimo humo, lakini kutotajwa si kukatazwa.

Kwa hiyo siku ya saba tulikuwa na jina lenye habari nne ndani yake. Ni mshindi kwa Waajemi. Ni jiwe la thamani kwa Waarabu na kwa Waswahili wenyewe. Ni jina la sahaba, na pia la mtu aliyemuua khalifa. Na katika nyumba ile ya Dunda, kwa kadiri ushahidi unavyoonyesha, ni jina alilopewa mtoto wa Kiyao na mtu aliyemnunua, akaliishi, akalea watoto chini yake, na kuwaachia. Sikuona kwamba moja kati ya hayo lilifuta jingine, na sikuona haki ya kumwambia mjomba kwamba aliyoyasema yalikuwa ya zamani na ayasahau. Nilimwambia baba wa mtoto kwamba akilitoa jina hili kwa sababu ya kito au ya ufalme, atakuwa amempa mwanawe jina la kamusi; jina la babu yake lina mambo mengine.

Swali la mwisho lilikuwa la tahajia, na lililetwa na binamu. Alipendekeza kwamba katika cheti cha kuzaliwa liandikwe Fairuz, ili mtoto aonekane na jina la Kiarabu safi, au Firuz, kama linavyoandikwa na wengi duniani, jambo ambalo pia lingewafanya watu wasilitambue mara moja. Lilikuwa pendekezo la kumlinda mtoto, na baba alisita. Aliyejibu ni mjomba, ambaye tangu bibi aeleze habari ya mipini ya majembe alikuwa hajasema neno.

"Kama anapewa jina la babu yake," alisema, "mwandikeni kama babu yake alivyoitwa."

Nywele za mtoto zilinyolewa asubuhi ile, mbuzi wawili wakachinjwa, na kwenye karatasi ya kupeleka kwa msajili baba akaandika kwa herufi kubwa: FERUZI.